Pua Si Mizani

Siku ya soko pale Nkubu huna haja ya kuulizia agrovet iko wapi. Pua inakufikisha. Ni harufu ya kitunguu saumu kilichosahaulika ndani ya gunia, imechanganyika na mafuta ya taa na mbolea. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mojawapo ya maduka hayo nikisubiri mvua ipungue, mzee mmoja akaingia akikung'uta kofia.

"Mama, nipe dawa ya kahawa," alisema. "Lakini iwe ile kali. Ile inanuka mpaka jirani anajua leo nimepiga."

Mwenye duka, mama wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni kwa uzi, hakucheka. "Mzee wangu, kunuka si ukali. Beberu ananuka kuliko wote zizini. Ushawahi kusikia ameua mtu?"

Akashusha chupa mbili, akazisimamisha kwenye kaunta lebo zikimtazama mzee, kisha akaweka kidole chini kabisa ya kila moja. Hapo palikuwa na mkanda wa rangi: huku manjano, huku buluu.

"Anza kusoma hapa chini. Jina lake utalijua baadaye."

Tangu siku hiyo nimeshindwa kuipita chupa ya dawa bila kuitazama miguu yake. Mkanda ule, ambao mwongozo wa FAO unataka usipungue asilimia 15 ya kimo cha lebo, ndio ncha inayoonekana ya kazi ndefu ambayo wengi wetu hatujui kama ni kazi: kuiainisha sumu. Kuna watu ambao maisha yao yote wamekaa na swali moja, kwamba kitu hiki ni kikali kiasi gani, na wanalijibu kwa subira ambayo mimi nimeiona tu kwa maseremala wa zamani, wale wanaopima mara tatu kabla ya msumeno kugusa ubao.

Mzee hakuwa mjinga. Familia ya dawa alizozizoea, oganofosfeti, ina fosfori katikati ya kila molekuli, na mara nyingi fosfori hiyo imeshika salfa. Salfa ndiyo inayonuka. Pua ya binadamu huikamata hata ikiwa chembe, ndiyo maana gesi ya kupikia, ambayo yenyewe haina harufu, hutiwa kemikali ya salfa makusudi ili ikivuja tujue. Kwa hiyo malathion inanuka vibaya sana, na bado ni miongoni mwa zile laini za ukoo wake. Sarin, ndugu wa ukoo huohuo aliyezaliwa kwenye maabara ya Ujerumani mwaka 1938, ikiwa safi haina harufu yoyote, na ni silaha ya vita.

Aliyeufungua mlango huo ni mkemia Gerhard Schrader, akiwa kazini kutafuta dawa ya wadudu katika kampuni ya IG Farben. Desemba 1936 alipata tabun. Wiki chache baadaye tone lilimwagika. Yeye na msaidizi wake wakaona taa zimefifia, mboni za macho zimenywea, kifua kimebana, na iliwachukua majuma kupona. Wa kwanza kuiainisha sumu ile ulikuwa mwili wake mwenyewe. Mwaka 1944 akapata parathion, na hiyo ndiyo iliyosafiri duniani ndani ya madebe ya kilimo hadi mashamba ya Afrika Mashariki.

Jinsi zinavyofanya kazi ni rahisi kueleza kwa mtu yeyote aliyewahi kupanda matatu. Makanga hugonga bodi gari liondoke, na hugonga tena lisimame. Neva nayo hutuma kemikali iitwayo asetilikolini kuuamrisha msuli ukaze, kisha kimeng'enya fulani, kolinesterasi, huifagia kemikali hiyo papo hapo ili msuli ulegee. Oganofosfeti humkamata makanga mkono. Amri ya kuondoka imeshatoka, ya kusimama haiji. Mate, machozi na jasho vinatiririka, mboni zinakuwa kama ncha ya sindano, misuli inachezacheza chini ya ngozi, mapafu yanajaa majimaji. Daktari ana atropini, ambayo huziba masikio ya kiungo kisisikie kelele za asetilikolini, lakini saa ni chache. Mdudu hufa kwa njia hiyohiyo, kwa kuwa naye ana makanga kama wetu. Hapo ndipo penye ugumu wote: dawa hii inamuua mdudu kupitia kitu tunachochangia naye.

Sasa, unaipimaje?

Watu wa Meru na Embu wana mfano mkononi. Kahawa iliingia mashambani mwa wenyeji huku miaka ya 1930, na leo hata mtoto wa shule anajua AA ni nini: ni punje isiyopita kwenye tundu la chekeche la milimita 7.2. Iliyopita huko ikanaswa chini yake ni AB, na kadhalika. Chekeche halijui ladha, halijui kahawa ilioshwa kwa maji gani. Linajua ukubwa tu, na kwa sababu linajua jambo moja, linalijua vizuri. Ladha ina watu wake, waonjaji wenye vijiko, wanaokuja baadaye.

Chekeche la sumu lilitengenezwa mwaka 1927 na Mwingereza J. W. Trevan. Kabla yake watu walikuwa wakitafuta kipimo kidogo kabisa kinachoua, na kila maabara ikipata jibu lake, kwa kuwa katika kila kundi yuko mnyama dhaifu anayekufa mapema na yuko mbishi anayekataa kufa. Trevan aliacha kuwatazama wa pembezoni. Aliuliza: ni kipimo gani kinachoua nusu ya kundi? Katikati ya kundi ndipo palipotulia. Namba hiyo ikaitwa LD50, miligramu za sumu kwa kila kilo ya uzito wa mnyama, na panya ndiye aliyebeba gharama yake. Siipendi gharama hiyo. Naona afadhali kwamba mwaka 2002 nchi za OECD ziliufuta utaratibu wa zamani uliotaka panya wengi, zikabaki na njia zinazopata jibu kwa wanyama wachache zaidi.

Mwaka 1975 Mkutano wa Afya wa Dunia ulipitisha utaratibu wa WHO wa kuzigawa dawa za wadudu kwa madaraja, nao ndio ulio nyuma ya ule mkanda wa Nkubu. Chini ya 5 kwa njia ya mdomo, daraja Ia. Kuanzia 5 hadi 50, Ib. Zote mbili hupewa mkanda mwekundu. Kuanzia 50 hadi 2,000 ni daraja la II, manjano. Zaidi ya hapo ni la III, buluu, na kuanzia 5,000 kwenda juu dawa hupewa kijani, kwamba haitarajiwi kudhuru kwa ghafla. Mipaka hiyo ni ya sasa, baada ya jedwali kurekebishwa mwaka 2009 ili lifanane na utaratibu wa Umoja wa Mataifa wa kemikali zote. Mkulima hujikwaa hapa mara ya kwanza, kwa kuwa namba inakwenda kinyume na mazoea: ndogo ndiyo kali. Aliyezoea kwamba kilo 20 ni nyingi kuliko 2 anahitaji muda kuzoea kwamba 2 ndiyo ya kuogopwa.

Ukisimama hapo utadhani kazi imekwisha. Unatafuta namba, unaangalia imeangukia wapi, unapaka rangi. Lakini hebu litazame jedwali lenyewe la WHO kwa makini. Parathion imeandikiwa 13. Kwa mipaka niliyoitaja ingekaa Ib. Haiko Ib, iko Ia, juu kabisa. Dichlorvos, ya ukoo huohuo, imeandikiwa 56. Ingekuwa daraja la II, mkanda wa manjano. Iko Ib, mwekundu. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilidhani mchapaji amekosea.

Jibu liko kwa mtu anayeitwa Thomas Gaines, aliyefanya kazi katika maabara ya serikali ya Marekani mjini Savannah. Mwaka 1960 alichapisha majedwali ya sumu za dawa za wadudu kwa panya, akayaendeleza mwaka 1969. Hayana maneno mengi. Uzuri wake ni kwamba Gaines alikataa kuuliza swali mara moja. Kila dawa aliipima kwa mdomo, kisha akaipima kwa ngozi. Na kila njia aliipima kwa madume, kisha akaipima kwa majike. Kazi mara nne. Soma mstari wa parathion: kwa mdomo, madume 13, majike 3.6. Kwa ngozi, madume 21, majike 6.8. Basi ile 13 inayoonekana jedwalini ni uso wake wa upole. Jike la panya linakufa kwa karibu robo ya kipimo cha dume, na ngozi, ambayo sisi huidhania ukuta, ni mlango uliofungwa kwa kamba ya mgomba. Mipaka ya ngozi katika daraja Ia ni chini ya 50. Parathion imeingia humo bila kubisha hodi. Dichlorvos nayo: kwa mdomo 80 na 56, kwa ngozi 107 na 75. Kwa mdomo ni manjano, kwa ngozi ni nyekundu, na kanuni ya ufundi huu ni kwamba dawa hukaa katika daraja la mlango wake mbaya zaidi.

Napenda kanuni hiyo kupita kiasi. Ni adabu ya mtu anayemfikiria mtumiaji ambaye hatakutana naye kamwe. Maana anayepiga dawa Igembe au Runyenjes hainywi. Humwagikia. Pampu ya lita 20 huvuja kwenye kifuniko, maji yanashuka mgongoni, yanafuata mkanda wa suruali, yanatulia kinenani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Howard Maibach na wenzake huko California waliwapaka watu waliojitolea kiasi kidogo mno cha parathion mahali mbalimbali mwilini, wakapima kiasi kilichoingia. Kigasha kilipitisha asilimia 8.6. Kiganja 11.8. Paji la uso 36. Kwapa 64. Ngozi ya korodani ilipitisha yote. Ukijua hilo, ile pampu ya lita 20 mgongoni inakuwa kitu kingine kabisa, na glavu peke yake, ambazo ndizo tunazohubiriwa kila siku, zinalinda mojawapo ya sehemu ngumu kuliko zote.

Kenya ilipiga marufuku parathion mwaka 1988, ile ya ethyl na ile ya methyl. Orodha ya Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu, PCPB, yenye ofisi zake Loresho, Nairobi, ina kishazi kimoja hapo ambacho msomaji wa haraka hukiruka: aina zote zimepigwa marufuku isipokuwa zile za vifuko, yaani dawa iliyofungwa ndani ya vitufe vidogo mno vya plastiki vinavyoelea majini na kuitoa polepole. Mtu mwenye hasira angesema marufuku ina tundu. Mimi naona hapo mkono wa mwainishaji. Alijua kwamba molekuli ni ileile na mlango si uleule. Kifuko kinauzuia mlango wa ngozi. Unaweza kubishana naye kama ilistahili. Huwezi kusema hakutazama.

Kutoka kwenye molekuli safi hadi kwenye chupa kuna hatua nyingine, na hii naweza kukuonyesha hapa nyuma ya risiti.

Chukua dawa ya kupe. Wenye ng'ombe wa kufugia zizini huko Imenti na Manyatta wanaifahamu chlorfenvinphos, kali kwelikweli, LD50 yake 31, daraja Ib. Lakini hakuna anayeuziwa ikiwa safi. Chupani ina asilimia 30. Kanuni ya WHO inasema: zidisha LD50 kwa 100, gawanya kwa asilimia. 31 mara 100 ni 3,100. Gawanya kwa 30, unapata 103. Kwa mdomo, ile nyekundu imeshuka ikawa manjano. Haikupoteza ukali wowote, imeongezewa wenzake wa kuibeba.

Sasa chukua ile poda ya kuhifadhia mahindi, inayotumika dhidi ya dumuzi, yule ambaye wakulima wetu walimpa jina la Osama. Actellic Super ina dawa mbili: pirimiphos-methyl asilimia 1.6 na permethrin asilimia 0.3. Ya kwanza ni oganofosfeti, ya pili ni ukoo tofauti. Unaziainishaje mbili zilizolala kitanda kimoja? Kwa kila moja unagawanya asilimia yake kwa LD50 yake, unajumlisha, kisha unagawanya 100 kwa jumla hiyo. Kwa pirimiphos-methyl vitabu hutaja namba kuanzia 1,400 hivi hadi zaidi ya 2,000. Mwainishaji mwenye adabu huchukua ya chini. 1.6 kwa 1,400 ni 0.00114. Permethrin jedwalini ina 500; 0.3 kwa 500 ni 0.0006. Jumla 0.00174. Gawanya 100 kwa hiyo: zaidi ya 57,000. Kijani, tena kijani cha mbali. Hiyo ni mojawapo ya sababu poda hiyo inaweza kuchanganywa na mahindi yatakayoliwa, kwa kipimo kilichoandikwa na baada ya muda ulioandikwa, wakati ndugu zake wa chupani hawaruhusiwi kukaribia gunia.

Hesabu hii ni ya darasa la nane, na ndiyo inayonifanya niistahi. Ina masharti yake pia. Kanuni inataka kwanza ipimwe bidhaa yenyewe, vile ilivyo chupani. Hesabu ni ya kukimbilia pale kipimo hicho kinapokosekana. Kwa nini? Kwa sababu ya kiyeyushi. Dawa nyingi za maji za herufi EC, zile zinazogeuka maziwa ukizitia kwenye ndoo, zimeyeyushwa ndani ya mafuta yanayopenda ngozi. Hesabu haiyaoni mafuta hayo. Panya anayaona.

Tena kuna joto. Mwaka 1976 Pakistan ilikuwa ikipulizia nyumba malathion dhidi ya malaria, ileile laini yenye kunuka. Kati ya wapuliziaji wapatao 7,500, karibu 2,800 waliugua, na 5 wakafa. Malathion haikuwa imebadilishwa na mtu. Ndani ya poda ilikuwa imezaliwa isomalathion, ndugu anayeukamata mwilini ule uwezo wa kuivunja malathion kabla haijadhuru. Mamalia hustahimili malathion kwa sababu ini lina mkasi wake. Isomalathion huvunja mkasi. Daraja lilikuwa sahihi, bidhaa haikuwa ile iliyoainishwa. Ndiyo maana leo, kabla dawa haijaaminiwa, huwekwa ndani ya tanuri la nyuzi 54 kwa siku 14, kisha hufunguliwa na kupimwa upya kuona imegeuka nini. Fikiria duka la mabati Ishiara, chini kwenye joto la Mbeere, na duka la mbao Kianjokoma karibu na msitu ambako mwenye duka huvaa sweta hadi adhuhuri. Chupa ni zilezile na mkanda ni uleule. Lile tanuri limejengwa kwa ajili ya Ishiara.

Nisije nikaonekana naliabudu chekeche. Mengi yanapita katikati ya matundu yake. LD50 inahesabu vifo vya ghafla. Haijui ugonjwa unaokuja wiki mbili baadaye. Huko Meknes, Morocco, mwaka 1959, mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na mafuta ya injini za ndege yaliwapoozesha watu wapatao 10,000. Kilichokuwa ndani ni oganofosfeti ambayo haina pupa ya kuua, bali hula neva ndefu za miguu kimyakimya. Leo oganofosfeti mpya hupimwa pia kwa kuku, kwa kuwa kuku hupooza kama sisi na panya hapoozi. Angalia ufundi ulivyo: walipogundua kwamba shahidi wao haoni upande mmoja, walimwita shahidi mwingine.

Na nyuki? Dimethoate, oganofosfeti nyingine, ni manjano kwa mtu. Kwa nyuki ni kali kiasi kwamba maabara za dunia huitumia kama mfano wa kupimia: dawa mpya ikijaribiwa kwa nyuki, kundi moja hupewa dimethoate makusudi, na wasipokufa inavyotarajiwa, jaribio zima linatupwa. Mwenye makadamia Embu anayepiga dawa hiyo wakati wa maua anawaua vibarua wake mwenyewe, na mkanda wa rangi chupani hautamwambia. Atauona kwenye picha ndogo au kwenye maandishi, akisoma.

Dimethoate hiyohiyo ilitufundisha somo la tatu. Januari 2013 Ulaya ilianza kukagua shehena moja kati ya kila kumi za mishiri na njegere kutoka Kenya, kwa sababu ya masalia yaliyopita kiwango. Kiwango chenyewe kilikuwa miligramu 0.02 kwa kilo. Wakulima wa Mitunguu na Timau waliolia wakati huo, wakaona dawa ikiondolewa kwenye mboga na matunda, waliuliza swali la haki: mbona ni manjano tu? Ndiyo, ni manjano tu. Mkanda unajibu swali la siku moja. Sahani inauliza swali la miaka, nalo lina jedwali jingine na watu wengine. Kuchanganya hayo mawili ndiko kunakoleta ugomvi mwingi hata miongoni mwa wasomi, na Kiswahili chetu hakitusaidii sana, maana tunaita yote mawili hatari. Ningependa tuseme ukali kwa kile kilicho ndani ya chupa, na hatari kwa kile kinachotokea kifuniko kikifunguliwa. Mwainishaji hushughulika na ukali. Hatari tunaitengeneza sisi.

Tunaitengeneza kweli. Mwaka 1997 Dkt. Grace Ohayo-Mitoko na wenzake walichapisha vipimo vya damu vya wafanyakazi wa mashamba katika sehemu nne za Kenya, mojawapo Wamumu, kule Mwea, jirani kabisa na Embu. Walipima ile kolinesterasi. Kipimo cha aina hii hutumia njia ya George Ellman ya mwaka 1961, nzuri kuitazama: kimeng'enya kikiwa hai, majimaji hugeuka manjano mbele ya macho yako, kikiwa kimekamatwa, rangi inachelewa. Wamumu kimeng'enya kilikuwa kimeshuka kwa wastani wa asilimia 33. Wasiogusa dawa, asilimia 4. Theluthi ya makanga wameshikwa mikono, na watu bado wanakwenda kazini wakisema ni uchovu.

Basi rangi. Nimesema mengi kuhusu namba, lakini sehemu ninayoistaajabia zaidi ni ile ya mwisho, ambapo mtu anakubali kuitupa namba yake. Ametumia miaka kupata 31 au 13 au 56, na anajua mpiga dawa hatazisoma. Anazibadilisha kuwa rangi nne. Ndani ya mkanda anaweka picha, zile zilizobuniwa miaka ya 1980 na FAO pamoja na watengenezaji wa dawa kwa ajili ya wasiojua kusoma. Zitazame kwa karibu, hazikutawanywa ovyo. Upande wa kushoto yuko mtu anayemimina dawa ikiwa bado nzito, na pamoja naye glavu, miwani, buti: hapo ndipo ile 103 ilipo. Upande wa kulia yuko anayepulizia ikiwa imeshachanganywa na maji, na vazi lake ni la kazi hiyo. Chupa moja ina hatari mbili, na mchoraji amezitenganisha kwa upana wa kidole. Kuna bomba la maji na mikono. Kuna kabati lenye kufuli. Kuna samaki, kwa wanaosafisha pampu kwenye Rupingazi au Thingithu. Juu yake yote, namba ya usajili inayoanza na PCPB(CR), kuonyesha kwamba mtu fulani Loresho alilipitia faili.

Mvua ilikuwa imepungua pale Nkubu, lakini sikuondoka. Mzee alikuwa amekubali ya manjano. Shida ikawa bei.

"Basi nipimie kidogo tu," alisema, akitoa chupa ya soda mfukoni mwa koti.

Mama alivaa miwani, akamtazama. "Nikikumiminia humo, mzee wangu, hii rangi utaibeba na mfuko gani?"

Mzee akaifikiria chupa yake. Mama akainama chini ya kaunta, akatoka na kichupa cha mililita 100, kimefungwa na kiwanda, mkanda wa manjano umekizunguka na upana wake ni kama ukucha. Picha zilikuwa zimekuwa ndogo kama chawa. Mzee akakisogeza, akakirudisha mbali, akakisogeza tena. Mama akavua miwani yake na kumpa, uzi ukiwa bado shingoni, ikabidi wote wawili wainame juu ya kaunta kama wanaosoma barua moja.

"Huyu mwenye glavu," mzee akauliza, "ni nani?"

"Ni wewe."

"Na buti?"

"Hizo ziko pale kwenye kona. Mia sita."